Mstari wa 5 Tunaukumbuka, wa 8 Tumeuruka

Wapendwa (nimeanza hivyo makusudi), leo naomba tuachane na siasa na foleni za Dar. Tuongelee suruali.

Naam, suruali ya mwanamke. Sidhani kama kuna vazi lililohubiriwa makanisani kwetu kuliko hilo. Ukiwa binti wa mjini, umetoka kazini unawahi ibada ya jioni ya katikati ya wiki, umevaa suruali yako ya kitambaa na blauzi ya mikono mirefu, kuna makanisa ambayo mhudumu wa mlangoni atakukunjulia khanga kabla hata hajakuambia karibu. Mengine hata hiyo khanga hupewi. Rafiki yangu mmoja, mhasibu, aligeuzwa mlangoni mwaka jana siku ambayo alikuwa ametoka moja kwa moja hospitali kumuuguza mama yake. Alikuwa anakwenda kuombewa. Mhudumu hakumuuliza katoka wapi wala ana shida gani. Alimwangalia miguuni, basi. Dada wa watu akapanda daladala akarudi wodini.

Nilipomtafuta mzee mmoja wa kanisa hilo (jina kapuni) nimuulize sababu, hakusita hata sekunde: Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 5. Ndipo panapokatazwa mwanamke na mwanamume kubadilishana mavazi. Aliutaja kwa kichwa kama anavyotaja namba yake ya simu. Nikamuuliza, shikamoo tena mzee, na mstari wa 8 unasemaje? Akacheka. Akasema huo mpaka afungue Biblia.

Haya, tuifungue wote.

Sura hiyo ya 22 inaanza na ng'ombe wa jirani aliyepotea. Ukimwona usijifanye hukumwona, mrudishe. Kama mwenyewe hujui anakaa wapi, mtunze kwako mpaka aje kumtafuta. Punda vivyo hivyo, hata vazi lililodondoka njiani vivyo hivyo. Kisha ndiyo unakuja huo mstari wetu maarufu wa 5. Halafu kuna habari ya kiota cha ndege, kwamba usimchukue mama pamoja na makinda. Halafu mstari wa 8: ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyumba za kule zilikuwa na paa la bapa, watu walikaa juu yake jioni kupunga upepo na wengine walilala hukohuko. Kwa hiyo Musa hapa anaongea kama mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Ni mistari mitatu tu kutoka kwenye suruali, na mara nyingi iko kwenye ukurasa uleule!

Mnakumbuka Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013? Asubuhi hiyo watu wakijiandaa kwenda ibadani, jengo la ghorofa zaidi ya kumi lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, liliporomoka. Walikufa watu 36. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jingine Kariakoo, lenye maduka, watu wakiwa ndani wanafanya biashara zao. Waliokufa walizidi 20. Dini ya waliojenga hainihusu, na mambo ya nani alikosea yana vyombo vyake. Mimi naongelea mimbari zetu. Nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa tangu nikiwa mtoto wa Shule ya Jumapili na sijawahi kusikia hata mara moja mahubiri juu ya zege. Hakuna aliyewahi kusimama akauliza: fundi uliyeokoka, mfuko mmoja wa saruji unauchanganya na mchanga kiasi gani bosi akiwa hayupo? Mhandisi unayeimba kwaya ya vijana, ile ghorofa iliyoongezwa juu ya ramani, saini ni ya nani? Mtu anaweza kuwa mkaguzi, akapokea bahasha Ijumaa, na Jumapili akapita mlangoni kwa mhudumu bila tatizo lolote, maana bahasha haivaliwi.

Hapo ndipo hasa hoja yangu ilipo. Tumeupunguza utakatifu mpaka ukatosha kwenye macho ya mhudumu wa mlangoni. Kinachoonekana kwa sekunde tatu ndicho tunachokipima: sketi, hereni, wigi, kucha, rasta. Visivyoonekana, ambavyo ndivyo vinavyoua watu, tunamwachia kila mtu na Mungu wake.

Na tusidanganyane kwamba tunaishika Torati. Sura ileile, mstari wa 11, inakataza kuvaa nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Sijaona mhudumu akigeuza kola ya suti ya mchungaji asome kile kilebo kinachosema imetengenezwa kwa nini. Mstari wa 12 unataka vishada kwenye pembe nne za vazi. Viko wapi? Jibu ninalopewa kila nikiuliza ni kwamba hayo yalikuwa ya Agano la Kale. Sawa, nakubali. Ila naomba niambiwe nani alichora mstari kati ya 5 na 11, na kwa nini unapita palepale ambapo wanaume tunaanza kuguswa.

Sura nyingine ni Mambo ya Walawi 19. Hiyo ndiyo sura yenyewe ya utakatifu, maana inaanza kwa Mungu kuwaambia watu wawe watakatifu kwa kuwa Yeye ni mtakatifu. Vijana wa mjini mnaijua kwa mstari wa 28, ule wa tatuu. Sasa ukiisoma kuanzia juu utashangaa. Ukivuna usimalize pembe za shamba, mwachie maskini na mgeni. Usimtukane kiziwi, usimwekee kipofu kikwazo njiani. Usipendelee mtu hukumuni, awe maskini au mkubwa. Uwe na mizani ya haki na mawe ya kupimia ya haki (wale ndugu zangu wa sokoni wenye debe lililobonyezwa chini, mko hapo?). Na mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi.

Naomba nikae kidogo kwenye huo wa 13, kwa sababu wengi tunaosoma hapa tuna kazi za ofisini na tuna binti wa kazi nyumbani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake. Elfu sitini. Ni hela ambayo wengi wetu tunaimaliza wikiendi moja kwa kuku na vinywaji, na bado kuna nyumba za wapendwa ambako binti hajapata hata hiyo. Anaambiwa "tunakutunzia". Anaambiwa kwao tumetuma. Anaamka saa kumi alfajiri kuchemsha maji ili mama awahi maombi ya asubuhi, Jumapili anabaki nyumbani na mtoto ili familia ikaabudu kwa utulivu. Halafu tukikutana na binti huyohuyo kavaa suruali ya mtumba aliyopewa na dada wa nyumba ya jirani tunasema maadili yameporomoka! Walawi 19 inasema nini juu yake? Ya suruali yake haina neno. Ya mshahara wake inalo.

Niseme kidogo juu ya neno lenyewe, kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno. Kiswahili chetu kinatuponza kidogo hapa. Takatifu linatokana na kutakata, kuwa safi, kama shuka iliyofuliwa ikaanikwa juani. Ukisikia utakatifu akili inakwenda kwenye madoa, na madoa yanatafutwa kwa macho. Neno la Kiebrania lina maana ya kitu kilichotengwa kwa ajili ya Mungu, kitu ambacho sasa ni chake. Sasa kitu kikiwa chake ni chake mpaka jikoni. Ndiyo maana nabii Zekaria anafunga kitabu chake kwa picha ya ajabu kidogo: yale maneno ya kuwekwa wakfu yaliyokuwa kwenye bamba la dhahabu la kilemba cha kuhani mkuu, yanaandikwa kwenye kengele za farasi, na vyungu vya kupikia vya Yerusalemu vinakuwa vitakatifu kama vyombo vya hekaluni. Farasi wa usafiri na sufuria ya maharage! Sisi Bongo kuandika tumeshaandika. Daladala nyingi tu zina maneno ya Mungu kioo cha nyuma, na ndani yake konda anamsukuma mwanafunzi ashuke kwa sababu nauli yake ni ndogo.

Kuna mtu mwingine nampenda sana kwenye habari hizi, Yohana Mbatizaji. Kama kuna mtu alikuwa na haki ya kuwawekea wenzake sharti la mavazi ni yeye. Alivaa singa za ngamia, alikula nzige na asali ya mwituni, hajui saluni wala soda. Katika Luka sura ya 3 watu wanamwendea makundi kwa makundi wakimuuliza wafanye nini. Hamwambii hata mmoja avae kama yeye. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula hivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kiwango. Askari wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, watosheke na mshahara wao. Soma tena hapo kwa askari, halafu kumbuka safari yako ya mwisho ya barabara kuu ya mkoani. Wala hakuwaambia waache kazi, waende jangwani kufunga siku 40. Walirudi vituoni mwao, sharti likiwa juu ya pesa.

Tena hili si somo la Wazungu wala la vyuo vya theolojia. Afrika Mashariki tumewahi kuliona kwa macho. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukasambaa Uganda, ukaingia Tanganyika kupitia Bukoba, ukafika Kenya, alama yake kubwa ya mwanzo ilikuwa watu kurudisha vitu. Balokole, kama walivyoitwa kwa Kiganda, walirudisha walivyoiba, walilipa madeni waliyokuwa wamekana, walikwenda kuomba radhi kwa watu waliowachukia. Festo Kivengere, ambaye alifundisha sekondari ya Alliance pale Dodoma kabla hajawa askofu kwao Uganda, alikuwa akisimulia jinsi alivyopanda baiskeli safari ya maili 50 hivi kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Kenya, miaka ya 1950, wengi wa ndugu hao wa Uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na papo hapo wakakataa kubeba bunduki za askari wa nyumbani wa serikali ya kikoloni. Walibanwa pande zote mbili na baadhi yao waliuawa. Ukubaliane nao ama usikubaliane, hao watu walikuwa na kitu.

Lakini Uamsho huohuo baadaye nao ukaota masharti. Uganda, miaka ya 1970, likatokea kundi lililojiona ndilo lililozinduka na wenzao wamelala, na mambo kama kuchukua mkopo yakawa dhambi ya kumtenga mtu. Huwa najiuliza ilifikaje hapo. Nadhani ni kwa sababu kulipa deni kunauma na kunahitaji ukweli wa moyo kila siku, wakati kukataza mikopo kunamalizwa na kikao kimoja. Sheria ni rahisi kuisimamia kuliko toba. Mzee wa kanisa hawezi kukagua kama nimemsamehe kaka yangu. Urefu wa sketi ya dada yangu anaukagua akiwa amekaa.

Sasa nisieleweke vibaya. Sitaki kuwacheka wanaoshika masharti, na nina sababu. Nimezunguka kwa kazi hii ya kalamu kwenye mitaa ambako baba akiokoka kanisa kali linamwambia pombe marufuku, sigara marufuku, kurudi nyumbani saa sita usiku marufuku. Mke wake anakushangaa ukimwambia hiyo ni dini ya sheria. Yeye anachojua ni kwamba ada ya mtoto sasa inalipwa na hapigwi tena. Kwa mtu anayezama, kamba iliyokaza ni bora kuliko hotuba juu ya uhuru. Na wapo akina mama wengi tu wanaovaa vitambaa vyao na magauni yao marefu kwa mapenzi yao, hawamsumbui mtu, na ukilala njaa ndio wa kwanza kubisha hodi na sahani iliyofunikwa. Hao siwagusi. Kwanza huwa hawasimami mlangoni kukagua watu.

Na kuna kundi la pili ambalo lazima nilisemee, kwa sababu ni letu sisi wasomi wa mjini. Ni hili la "Mungu anaangalia moyo". Jamani! Huo mstari, 1 Samweli 16, ulisemwa Samweli alipokuwa anachagua mfalme akavutiwa na urefu na sura ya Eliabu. Haukusemwa ili mimi nilale kwa mchumba wa mtu Jumamosi na kusema dini ni uhusiano binafsi. Tumeshajifunza kuwasema Mafarisayo vizuri sana, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, lakini Yesu alipowakemea katika Mathayo 23 juu ya zaka ya mnanaa, bizari na jira hakuwaambia waache zaka. Aliwaambia wameacha yaliyo mazito, yaani haki, rehema na uaminifu, na kwamba hayo iliwapasa kuyafanya bila kuyaacha yale mengine. Sisi wa "moyo" tumeacha mnanaa na haki pia tumeacha. Utakuta kijana anamcheka bibi yake kwa kukataa hereni, na yeye ana miezi minne hajamlipa fundi aliyemtengenezea kabati. Hapo bibi yuko mbele kwa mbali sana.

Mnaonipigia simu kwamba napenda mada za kuwakera wachungaji, hii nyingine hapa ndiyo imenifanya niandike leo, suruali ilikuwa ya kupasha moto.

Mnajua utaratibu wa kutenga. Binti wa kwaya anapata mimba. Tumbo linaonekana, kwa hiyo baraza la wazee linakaa. Anaondolewa kwenye kwaya, hashiriki Meza ya Bwana, na siku akirudi kundini anasimamishwa mbele ya usharika mzima akiwa na mtoto mgongoni, watu wakimtazama. Hata Serikali, ambayo haina Meza ya Bwana, Novemba 2021 iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi kwenye shule za mfumo rasmi. Na mwanamume je? Mimba haijipi. Mara nyingi mtaa mzima unamjua, na mara nyingi naye ni wa humohumo kanisani, lakini yeye hana tumbo.

Kwa wanaopenda ile sura yetu ya 22, washuke mpaka mstari wa 22. Unahusu uzinzi, na hukumu yake ni nzito mno, sitamani irudi. Ila angalau inawataja wote wawili, mwanamume na mwanamke, pamoja. Ndiyo maana kile kisa cha Yohana sura ya 8 kinanitatiza kila nikikisoma. Wanamleta mwanamke aliyefumaniwa, wanaitaja Torati ya Musa na adhabu ya kupigwa mawe. Amefumaniwa na nani? Ili umfumanie mmoja lazima mwenzake alikuwepo. Walioishika Torati barabara walikuwa wameshaivunja hata kabla hawajafika pale walipokuwa Yesu na watu.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye usharika mmoja ambako binti wa miaka 19 ametengwa kwa utaratibu huohuo, na anayetajwa na kila mtu kuwa ndiye mwenye mimba anapiga kinanda kila Jumapili. Nilimwomba mchungaji anifafanulie. Ni mtu mpole, alinikaribisha vizuri, mama mchungaji akaleta chai na chapati. Akaniambia, "Mwandishi, la binti lina ushahidi, la kijana ni maneno ya watu." Nikamuuliza kama kuna yeyote aliyekaa na kijana huyo akamuuliza. Akanyamaza kidogo. Akasema hapana, maana ilikuwa karibu na Pasaka na kwaya haikuwa na mpiga kinanda mwingine.

Naomba kuwasilisha.